Safu ya Lugha: Kuganda, kuvilia na "damu nzito"
"Damu nzito" ni maneno yanayobebeshwa mengi mno, hasa anapozungumziwa mtoto mwenye lukemia, yaani saratani ya damu. Tatizo si uzito, ni kuganda: damu hugeuka bonge ndani ya mshipa na kuziba njia. Kuvilia ni jambo jingine. Damu hutoka mshipani ikatuama chini ya ngozi, ndiyo ile alama nyeusi gotini. Mtoto huyohuyo aweza kupata yote mawili. Ugonjwa humpunguzia chembe sahani, akavilia kwa kugongwa kidogo tu. Kisha dawa ya asparajinesi hushusha protini zinazozuia damu kuganda, na mpira uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa huongeza hatari. Bonge likikaa kwenye mishipa ya ubongo, kichwa huuma sana, pengine degedege hufuata. Heparini, dawa inayotumika dhidi ya kuganda huko, nayo haipunguzi uzito wowote. Huzuia bonge lisikue.

Kigali, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, mtego mwingine hutoka kwenye Kinyarwanda: kuvura ni kutibu, na pia ni kuganda kwa damu au maziwa. Kwa Kiswahili damu haivuri, huganda.