Jiwe jeusi la Geita na sumaku zisizoganda

Tangu Juni 2025, msafiri wa Mwanza kwenda Geita hana haja ya kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo. Daraja la kilomita 3 linamfikisha Busisi kwa dakika chache. Ng'ambo hiyo ni nchi ya dhahabu. Wajerumani waliiandika kwenye kumbukumbu zao mwaka 1898, na mgodi wa enzi za Waingereza ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966. Dhahabu hiyo imeshasifiwa vya kutosha. Makala hii ni ya jiwe linaloibeba.

Ni jiwe la milia: utepe mweusi, utepe mweupe au mwekundu, kisha mweusi tena, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.6. Weusi wake ni magnetaiti, madini ya chuma yanayonasa sumaku. Ndiyo maana watafiti wa madini hurusha ndege zenye vipimasumaku juu ya Usukuma. Chombo chenyewe hakioni dhahabu hata chembe. Kinaona chuma, na wajiolojia wanajua kwamba pale Geita dhahabu ilipenda kujibanza kwenye chuma hicho cha milia.

Madini hayohayo yamewanyima usingizi wanafizikia kwa muda mrefu kuliko mgodi ule wa Waingereza ulivyodumu. Mwaka 1939 Evert Verwey, wa maabara za Philips nchini Uholanzi, aliona kwamba magnetaiti ikipoozwa hadi karibu nyuzi −153, ghafla inagoma kupitisha umeme kama mwanzo. Mwaka 1948 Mfaransa Louis Néel akaeleza usumaku wake: atomu za chuma zimegawanyika makundi mawili yanayotazama pande zilizo kinyume, moja likilizidi jingine, na ziada hiyo ndiyo inayoyumbisha sindano ya dira. Maelezo hayo yalichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Fumbo la Verwey lilibaki. Mpangilio kamili wa elektroni ndani ya magnetaiti iliyopozwa haukuchorwa hadi 2012, na kikundi cha Paul Attfield wa Edinburgh.

Aliyelitazama fumbo hilo kwa jicho la pekee ni Philip Anderson, wa maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1956 alichunguza jinsi sehemu ya atomu za chuma zilivyokaa: piramidi ndogo zinazogusana kwenye ncha, kila uso wa piramidi ukiwa pembetatu. Akaonyesha kwamba katika umbo hilo kila atomu inaweza kuelewana na majirani zake kikamilifu, na bado jiwe zima likakosa mpangilio mmoja, kwa kuwa njia za kuelewana ni nyingi mno. Hesabu yake ilifanana na ile ambayo Linus Pauling aliifanya mwaka 1935 kuhusu barafu.

Pembetatu ndiyo kiini cha habari yote. Chukua mafiga matatu, kila moja likiwa na sumaku ndogo inayotaka kutazama kinyume na mwenzake. La kwanza likitazama juu, la pili litatazama chini. La tatu je? Lolote litakalochagua, litamuudhi mmoja. Gregory Wannier alipiga hesabu ya uwanja mzima wa pembetatu za namna hiyo mwaka 1950, akakuta kwamba hata kwenye sifuri halisi, nyuzi −273, vurugu haiishi.

Mwaka 1973 Anderson akasogeza swali mbele. Vipi kama sumaku hizo ni spini za elektroni, zinazofuata kanuni za kwanta? Alipendekeza kwamba spini zitashikana mbili mbili, na jozi hizo zitabadilishana wenza bila kukoma, zisigande kamwe. Fuwele inabaki ngumu kama jiwe lolote. Kinachotiririka ni mielekeo ya spini, ndiyo maana hali hiyo huitwa kimiminiko cha spini. Makala yake haikuvuta watu wengi hadi 1987, alipoirejesha ili kueleza vipitishi vipya vya umeme visivyo na ukinzani.

Na hapo historia ikamgeuka kidogo. Mwaka 1988 David Huse na Veit Elser walipiga hesabu ya mfano uleule wa Anderson wakapata dalili kwamba spini zinaafikiana: kila moja inageuka nyuzi 120 kutoka kwa jirani, na mpangilio unapatikana. Hesabu za baadaye ziliwaunga mkono. Kwa maoni yangu kosa hilo lilizaa kuliko makisio mengi yaliyo sahihi, kwa sababu liliwalazimu watafiti kusaka kitu halisi chenye nguvu ndogo ya ziada inayovunja maafikiano hayo.

Mgombea wa kwanza mwenye uzito alitoka Tokyo. Mwaka 2003 kikundi cha Kazushi Kanoda kilipooza chumvi ya kikaboni yenye shaba hadi nyuzi 0.032 juu ya sifuri halisi, kiwango kidogo karibu mara 8,000 kuliko nguvu inayoziunganisha spini zake, na hazikuganda. Ilishikilia nafasi hiyo miaka 18. Mwaka 2021 vipimo vya Stuttgart vilionyesha kwamba karibu na nyuzi 6 juu ya sifuri halisi spini zinajifunga katika jozi tulivu, na wengi wakaiondoa kwenye orodha.

Wakati huo macho yalikuwa yameshahamia kwenye fuwele ya iterbiamu, magnesiamu, galiamu na oksijeni, iliyotangazwa na Wachina mwaka 2015. Pembetatu zake hazina dosari. Tatizo ni majirani. Magnesiamu na galiamu zimechanganyika ovyo, na mchanganyiko ovyo unaweza kuigiza kimiminiko cha spini huku spini zimekwama tu, hali inayoitwa kioo cha spini. Mwaka 2018 fuwele ndugu yake, yenye zinki badala ya magnesiamu, ilikutwa na dalili za kioo hicho. (Kwenye vioo hivyo kuna jina la Mtanzania: mwaka 2019 watafiti walioviiga kwa kompyuta waliona kilicho moto zaidi kikiwahi kupoa, jambo linalobeba jina la Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliyeona maziwa ya moto yakiwahi kuganda mwaka 1963.)

Siku hizi watafiti wanatumia fuwele za iterbiamu na seleniamu, ambazo hazina mchanganyiko huo. Yenye potasiamu iliganda kwenye nyuzi 0.29 juu ya sifuri halisi. Yenye sodiamu bado haijaonekana ikiganda.