Mzazi Kama Kielelezo cha Kiroho: Safari ya Kitaaluma ya Christian Smith

Christian Smith, mwanasosholojia wa Marekani, hakuanza na vijana. Kitabu chake cha mwaka 1991 kilieleza jinsi teolojia ya ukombozi ilivyoibuka Amerika ya Kusini. Cha 1996 kiliwahusu Wamarekani waliopinga sera za Rais Reagan katika Amerika ya Kati, wengi wao watu wa makanisa. Kisha akawageukia wainjili wa nchi yake, na mwaka 2000, akishirikiana na Michael Emerson, akachambua ubaguzi wa rangi miongoni mwao. Utafiti wa kitaifa kuhusu vijana na dini aliuanza mwaka 2001, akiwa Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwaka 2006 alihamia Notre Dame, chuo cha Kikatoliki, na miaka michache baadaye yeye mwenyewe akaingia Ukatoliki.

Ni rahisi kumwona mtu wa namna hii kuwa ni mwenye kurukaruka. Mimi naona swali moja lililobadilisha uwanja: ni nini kinachomfanya mtu aibebe imani hata inapomgharimu? Alilitafutia jibu katika harakati za umma, kisha katika madhehebu, na mwishowe likamfikisha sebuleni.

Huko sebuleni ndiko alikovunja dhana iliyozoeleka. Timu yake iliwahoji kwa simu vijana 3,290 wa miaka 13 hadi 17, kisha ikakaa ana kwa ana na 267 kati yao. Wengi tulidhani kijana wa Kimarekani huipa kisogo dini ya wazazi wake na kumfuata rafiki au nyota wa muziki. Kitabu cha 2005, alichokiandika na Melinda Denton, kilionyesha kinyume: walio wengi walifuata dini ya nyumbani bila ugomvi, na mzazi ndiye aliyekuwa na ushawishi mkubwa kuliko wote. Mwaka 2021, pamoja na Amy Adamczyk, Smith alisogea mbele zaidi. Kinachorithisha imani, walisema, ni mzazi mwenye upendo na msimamo kwa pamoja, anayezungumza mambo ya dini katika siku za kawaida, si siku ya ibada peke yake.

Hilo halimshangazi aliyemsoma Albert Bandura. Mwanasaikolojia huyo alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba mtoto hujifunza kwa kumtazama mwingine akitenda, na mwaka 2003 Doug Oman na Carl Thoresen waliipeleka hoja hiyo kwenye maisha ya kiroho. Mhubiri huonekana kwa saa moja, tena akiwa amejiandaa. Mzazi huonekana akiwa amechoka, ana deni, amekasirika. Hapo ndipo kijana anapopima kama sala ina kazi yoyote.

Nina shaka na Smith mahali pamoja. Alilalamika kwamba vijana hawawezi kuieleza imani yao, akaiita aina ya udeisti wa kujiliwaza, yaani imani katika Mungu wa mbali anayekumbukwa tu wakati wa shida. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba wengi wao walionekana kuulizwa jambo hilo na mtu mzima kwa mara ya kwanza katika mahojiano yale. Basi kigugumizi kile ni ushahidi dhidi ya wakubwa kabla ya kuwa hukumu juu ya vijana.

Kwetu Afrika Mashariki matokeo hayo hayahamishiki mazima. Kijana aliyelelewa na bibi, akapitia madrasa au shule ya bweni, ana walezi wengi wa kiroho kuliko hojaji ya mzazi na mtoto inavyoweza kuwanasa. Kwa hiyo mtafiti wa hapa asianze na orodha ya majibu aliyoiazima. Amwulize kijana kwanza ni nani ambaye kijana huyo aliwahi kumwona akisali, akatamani kuwa kama yeye; kisha awe na subira ya kusikiliza jibu refu.