Herufi U Iliyotoka Ngomeni

Msafiri atokaye Malindi, akashika njia ya kaskazini hata kufika Ngomeni na kuelekeza macho baharini, huyaona kwa mbali majukwaa ya chuma ya Wataliani, yaliyosimama kwa miguu yao katika ghuba ya Ungwana. Huko ndiko, tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, ilikorushwa roketi ya Scout ikiwa imebeba chombo cha kilo 140 hivi, cha kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei mbinguni tu. Na Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wake kwa upande wa Wamarekani, akakiita Uhuru kwa kuiadhimisha siku hiyo.

Daftari la nne la chombo hicho, lililotolewa 1978, lina nyota na vimulimuli 339, na kila kimoja hutanguliwa na alama 4U, ambayo U yake ni Uhuru. Miongoni mwao imo 4U 0142+61, iliyo katika kundi ambalo Waarabu huliita Dhatul-Kursi, na ambayo baadaye ilidhihirika kuwa ni pulsa, yaani nyota imulikayo kwa mapigo, tena ya ajabu: hupiga kila baada ya sekunde 8.7, haina nyota mwenzi wa kuilisha, na nguvu iitoayo yapita ile iipotezayo kwa kupunguza kasi ya mzunguko wake.

Kuitambua nyota hiyo kwa mwanga mwingine kulikuwa kazi nzito, kwani Uhuru kiliweza kutaja mtaa tu, kama mtu aambiwaye kwamba jamaa yake akaa Shela bila kuonyeshwa nyumba. Tena vumbi lililotanda baina ya nyota huuziba mwanga wa kawaida, ingawa miale ya infraredi hulipenya. Mwaka 2000 Hulleman, van Kerkwijk na Kulkarni, kwa darubini ya Keck kisiwani Hawaii, waliitambua nyumba yenyewe. Mwaka uliofuata, wao na wenzao wakaiona kwa infraredi pulsa nduguye, 1E 2259+586, iliyofifia mno. Kisha 2006 Wang, Chakrabarty na Kaplan, kwa darubini ya Spitzer, wakapata kuizunguka 4U 0142+61 sahani ya vumbi, ambayo kwa rai yao ni masalio ya nyota iliyolipuka ikaizaa.

Mwezi wa Disemba, kaskazi ivumapo, baada ya sala ya isha, Dhatul-Kursi huonekana kutoka Malindi ikiwa chini mbinguni, upande wa Ngomeni.