Nauli ya Kifurushi na Haki ya Mnunuzi

Rasimu ya istilahi za biashara ya mtandaoni iliyopita mezani kwangu ina kurasa nyingi za kazi njema, na kamati iliyoiandaa inastahili shukrani kwa kurasa hizo. Lakini ilipofika kwenye pesa anazotozwa mnunuzi ili mali aliyoishinda mnadani ifike mlangoni kwake, rasimu imeandika: "gharama za usafirishaji na ushughulikiaji". Ni maneno matano yenye silabi kumi na nane, na hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi ninaowafahamu, wa Dar es Salaam, Mombasa au Leicester, atakayeyatamka akiwa na jambo la haraka la kulalamikia. Nilipendekeza nauli. Pendekezo lilirudi na mstari mmoja pembeni: nauli ni neno la stendi.

Mstari huo haukubaliki, na nina sababu.

Nianze na ushughulikiaji. Tunashughulikia malalamiko, tunashughulikia kesi, daktari anamshughulikia mgonjwa. Kifurushi hufungwa, huzungushiwa utepe, huandikwa anwani, hupelekwa. Asili ya neno ni Kiarabu, shughl, kazi inayomkalia mtu, na humo ndimo lilimotoka shughuli letu, ambalo leo linabeba harusi, mikutano na pilikapilika za kila aina. Neno lenye mlango mpana hivyo halifai kuwekwa kwenye hati ya malipo. Muuzaji akiandika paundi tatu za ushughulikiaji, nani atamuuliza ameshughulikia nini? Akiandika paundi tatu za ufungaji, mnunuzi atafungua alicholetewa, aone boksi la biskuti lililotumika mara ya pili na kurasa mbili za gazeti, na papo hapo atakuwa na la kusema. Kamati ilikuwa na Kiingereza mbele yake, ikaona handling, neno lililozaliwa na mkono, ikalitafutia Kiswahili bila kuuliza mkono huo unafanya kazi gani.

Mwenzetu mmoja, mtu wa heshima katika taaluma hii, anatetea "ada ya posta". Ni fupi, nakiri, lakini ufupi peke yake hautoshi. Ada ni ʿāda ya Kiarabu, yaani desturi, na kwetu imebaki na harufu hiyo: ada ya shule, ada ya mahakama, ada ya uanachama. Hulipwa kwa aliye na mamlaka, kwa kiwango kilichokwisha kupangwa, na anayelipa hana nafasi ya kujadili. Posta nayo inatoka mbali. Ni posita ya Kilatini, kitu kilichowekwa, kwa sababu farasi wa kubadilishana waliwekwa vituo kwa vituo kando ya barabara. Ukiziunga asili mbili hizo unapata desturi ya kituo, na hapo hakuna kilichosafiri. Tena vifurushi vingi vya siku hizi havioni dirisha la Posta kabisa. Huchukuliwa na kampuni za kusafirisha vifurushi, na kwetu huingizwa kwenye buti la basi la mkoa. Wapo pia waliopendekeza "pesa ya stempu". Stempu inazidi kuondoka juu ya vifurushi. Muuzaji hulipia mtandaoni, akachapa karatasi yenye mistari ya kusomwa na mashine, akaibandika.

Sasa nauli. Wagiriki wa kale waliita chombo cha baharini naus, na malipo ya kupakia watu au shehena ndani yake wakayaita naulon. Warumi walilichukua likawa naulum. Waitalia wakalifanya nolo, Wafaransa nolis, Waturuki hadi leo wanasema navlun wakikusudia malipo ya shehena ya meli. Waarabu walilitia kinywani mwao likawa nawl na nawlūn, na kutoka kwao likashuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni malipo ya kuchukuliwa, ya mtu na ya mzigo pia. Kwa hiyo neno tunaloambiwa ni la stendi lilikuwa baharini karne nyingi kabla ya stendi ya kwanza kujengwa, na lilihusu shehena tangu siku yake ya kwanza. Kiingereza chenyewe, ambacho kamati imekifuata neno kwa neno, kimelijenga neno lake la kutuma mizigo, shipping, juu ya merikebu. Tulikuwa na merikebu yetu tayari, imetia nanga ndani ya lugha, tukaipita tukaenda kuunda usafirishaji na ushughulikiaji.

Hata hivyo nisingegombana kwa ajili ya Wagiriki peke yao. Kosa kubwa la rasimu liko kwenye neno lake la kwanza, gharama, na hapa ndipo lugha inapogusa mfuko wa mtu.

Gharama ni kile kinachomtoka muuzaji: alicholipa dirishani, alicholipia bahasha yenye mapovu, utepe, bima kama ipo. Nauli ni kile anachotozwa mnunuzi. Ni vitu viwili, na swali zima la haki katika minada ya mtandaoni ni umbali uliopo kati yake. Nauli ikilingana na gharama pamoja na ufungaji, mambo ni sawa. Nauli ikipita hapo, sehemu ya bei imefichwa ndani yake. Ukiviita vyote viwili gharama, kama rasimu inavyotaka, mnunuzi aliyetozwa paundi kumi na mbili kwa bahasha iliyobandikwa stempu ya paundi mbili atalalamikaje? Atasema gharama imezidi gharama? Lugha imemnyang'anya shitaka lake kabla hajafungua kinywa. Kwa maneno yetu ya zamani anasema: nauli imezidi gharama, na kila mtu ameelewa.

Tofauti hiyo haikubuniwa na mimi. Pierre Omidyar alipofungua mnada wake wa mtandaoni huko San Jose, California, Septemba 1995, ukiitwa AuctionWeb kabla ya kuwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kioneshi cha leza kilichoharibika, kwa dola 14.83. Biashara ilipokua, kampuni iliishi kwa kamisheni iliyokatwa kutoka kwenye dau la mwisho, na kwa miaka mingi kamisheni hiyo haikugusa nauli. Wauzaji wajanja waliliona pengo. Mtu anaweka filamu kwa senti tisini na tisa, nauli dola kumi na tano. Kwenye orodha ya bei za chini filamu yake inakaa juu, kampuni inakata kamisheni kwenye senti, na mnunuzi akiirudisha mali anarudishiwa zile senti tisini na tisa huku nauli ikibaki kwa muuzaji. Jina rasmi la mchezo huo lilikuwa ukwepaji wa kamisheni, lakini aliyeumia zaidi alikuwa mnunuzi. Mwaka 2007 eBay ilianza kuwaruhusu wanunuzi kumpa muuzaji nyota katika mambo manne, moja likiwa nauli aliyotoza. Mwaka 2011, nchini Marekani, kamisheni ikaanza kukatwa kwenye jumla ya dau na nauli, na faida ya kuficha bei upande wa pili ikapungua sana.

Na kabla ya hapo, ni pengo kati ya gharama na nauli lililozaa posta tunayoijua. Uingereza ya miaka ya 1830 ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa ni aliyeipokea. Rowland Hill, katika kijitabu chake cha mwaka 1837, alipiga hesabu ya kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh akapata sehemu moja ya thelathini na sita ya peni. Mpokeaji alikuwa akitozwa zaidi ya shilingi nzima, na shilingi ilikuwa peni kumi na mbili. Hill hakuishia kulalamika kwamba barua ni ghali. Alionyesha gharama ni hii, nauli ni hii, na tofauti yake haina maelezo. Januari 10, 1840 peni moja ikawa nauli ya barua nyepesi nchi nzima, na Mei mwaka uleule ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika, ile nyeusi ya peni moja. Nawaomba wanakamati wajaribu kuisimulia hoja ya Hill kwa istilahi yao, waone kama itasimama.

Niseme pia kwamba haki haina maana ya nauli ndogo. Muuzaji naye hudhulumiwa, hasa na mnunuzi anayetazama uzito peke yake. Tangu Agosti 2006 Royal Mail ya Uingereza hupima ukubwa pamoja na uzito: bahasha kubwa isizidi unene wa milimita 25, ikizidi hapo imekuwa kifurushi na nauli inaruka. Vitabu viwili vyenye uzito sawa, kimoja chembamba na kingine kinene, havisafiri kwa pesa sawa. Kampuni za vifurushi vya ndege nazo huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, na jibu huhesabiwa kuwa kilo. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 ni kilo 12 hata kama ndani yake mna kofia ya kilo moja. Nahodha wa jahazi asingeshangaa, kwa sababu nafasi ndani ya chombo ndiyo aliyokuwa akiiuza. Kwa hesabu hii ya vifurushi natumia "uzito wa nafasi", na nimeona kwa masikitiko kwamba rasimu imependelea "uzani wa kivolumetriki".

Inabaki hoja ya stendi. Wanasema nauli ni ya abiria, msomaji atachanganyikiwa. Aliyewahi kupeleka gunia la mchele kutoka Mbeya kwenda Dar kwa basi ameulizwa nauli ya mzigo, na hakuchanganyikiwa. Tena stendi ndiyo iliyolifanya neno hili liwe na meno. Nchini Tanzania nauli za mabasi hutangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, na abiria aliyezidishiwa nauli anajua amefanyiwa nini, anajua kosa lina jina, na konda naye anajua. Kupandisha nauli, kuzidisha nauli, kurudishiwa nauli: misemo yote hii ipo midomoni mwa watu, haina haja ya warsha. Ni ukoo mzima wa maneno unaokuja na neno moja, wakati ushughulikiaji umekuja peke yake.

Katika ukoo huo nauli ya kwenda na ya kurudi ndiyo itakayomfaa mwanasheria. Mwaka 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Heinrich Heine, iliamua kwamba mteja aliyenunua kwa mbali akabadili nia ndani ya muda wa kisheria asiachiwe mzigo wa malipo ya kupelekewa mali. Uingereza iliandika kanuni zake mwaka 2013, zikaanza kazi Juni 2014: mfanyabiashara humrudishia mteja wake malipo ya kupelekewa, kwa kiwango cha njia ya kawaida, ilhali malipo ya kuirudisha mali yanaweza kuwa juu ya mteja. Kanuni hizo zinamgusa mfanyabiashara anayenadi mtandaoni. Mtu binafsi anayeuza kabati lake la zamani hazimgusi. Jaribu kuyaeleza haya kwa istilahi ya rasimu: gharama za usafirishaji na ushughulikiaji za awali, na gharama za usafirishaji na ushughulikiaji za marejesho. Nami nasema: nauli ya kwenda ni ya muuzaji, ya kurudi ni ya mnunuzi. Mswahili aliyeko Leicester, anayenunua vipuri mnadani ili avipange ndani ya pipa la kwenda Tanga, anastahili kuzijua haki zake kwa sentensi ya urefu huo.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema haya. Nauli ni ya kubeba, ufungaji ni wa kufunga, bima itajwe kando, na vyote viandikwe kabla dau la kwanza halijawekwa. Neno gharama liachwe kwa muuzaji na risiti yake. Mwenye kutoa mali bila kutoza aandike "nauli juu yangu", asiandike "usafirishaji wa bure", maana nauli ipo hata kama imemezwa na bei. Pendekezo langu nimelirudisha kwa kamati likiwa na asili ya neno, mifano na kamusi ya Johnson imefunguliwa ukurasa wake, na safari hii naomba jibu lililozidi mstari mmoja.