Pumzi ya Mwanariadha: Kutoka Milimani Hadi Kando ya Tana

Tangu siku ile ya Oktoba 1968, Kipchoge Keino alipomwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500 za Olimpiki mjini Mexico City, ulioinuka mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, naye Naftali Temu, Mkenya mwenzake wa nyanda za juu, akiwa amekwisha kujitwalia dhahabu ya mita 10,000, ilienea duniani itikadi kwamba pumzi ya mkimbiaji ni tunu ya milimani; na baada ya miaka mji wa Iten, juu ya Bonde la Ufa, ukawa makimbilio ya wanariadha wa kila taifa, wakiwamo wana wa Kisomali waliokulia Ulaya, kama Mo Farah wa Uingereza.

Itikadi hiyo si batili, lakini inamwambia nini kijana wa Garissa, mji wa jua kali kando ya Mto Tana, ulio mita 150 hivi tu juu ya bahari, asiye na nauli wala jamaa wa kumpokea huko Bonde la Ufa?

Jawabu lilianza kupatikana mwaka 1976, pale Leith na Bradley, wataalamu wa Marekani, walipotangaza kwamba watu wenye siha njema, waliozoezwa kuvuta na kusukuma pumzi kwa nguvu zao zote kwa majuma 5, waliongeza nguvu ya misuli ya pumzi kwa asilimia 55. Kumbe kiwambo, ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, ijapokuwa hakilali usiku wala mchana, nacho hufundishika! (Wapiga zumari wa Lamu, wavutao hewa puani huku mashavu yakiendelea kupuliza, nadhani wasingestaajabu.)

Katika miaka ya 1990, Jerome Dempsey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walibainisha jambo la ajabu zaidi: misuli ya pumzi ielemewapo, mwili huibana mishipa ya damu iendayo miguuni, hata mkimbiaji akalaumu mapaja yake ilhali taabu imeanzia kifuani. Mwaka 2001, utafiti wa Birmingham juu ya wanawake 14 wapiga makasia, uliodumu majuma 11, ulionyesha kwamba waliozoeza pumzi waliwapita wenzao kwa maendeleo.

Chombo cha kuzoezea pumzi ni kidogo, cha kushikwa mkononi: pua hubanwa, midomo hufumbata mdomo wa chombo, na hewa huvutwa kwa kushindana na springi hadi mbavu zipanuke, mara 30 asubuhi, mara 30 jioni, kivulini, na katika Ramadhani baada ya futari. Hakikuzi mapafu, hakiongezi chembe nyekundu za damu kama ufanyavyo mlima, wala hakimwondolei mtu wajibu wa kukimbia. Faida yake ni sekunde chache tu, nazo aghalabu ndizo zitenganishazo wa kwanza na wa nne.

Basi walimu wa michezo wa Garissa, Wajir na Mandera wasiache kuijaribu elimu hii, na mwenye pumu apite kwanza kwa tabibu.