Kompyuta za Nyumbani na Njia ya Namanga

Sisi tukaao upande huu wa Mlima Meru twaijua njia ya Namanga kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake. Ndiyo njia ya Nairobi, na bidhaa nyingi zilitufikia kwa hiyo. Basi mwezi wa Februari 1977 mpaka ule ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka ule ule, na majumba makubwa yaliyojengwa hapa Arusha kwa ajili yake yakatafutiwa kazi nyingine. Mpaka haukufunguliwa tena ila Novemba 1983.

Twaitaja miaka hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoitoa kompyuta maofisini huko ng'ambo na kuiingiza katika nyumba za watu. Hapo kwanza kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wenye walinzi wake, wala mtoto hakuruhusiwa kuugusa. Mwaka 1977 zilitokea Marekani tatu kwa pamoja, yaani Apple II, Commodore PET na TRS-80. Huko Uingereza Bwana Clive Sinclair aliuza ZX81 mwaka 1981 kwa bei isiyofika pauni 70, na aliyekuwa tayari kuunga vipande vyake mwenyewe alilipa chini ya pauni 50. Kumbukumbu yake ilichukua herufi 1,024 tu, kiasi kisichotosha hata ukurasa mmoja wa gazeti. Mwaka uliofuata ikaja ZX Spectrum, kisanduku cheusi chenye mistari minne ya rangi pembeni, ambacho umbo lake lilibuniwa na Bwana Rick Dickinson.

Tukikitazama kisanduku hicho twaona kwamba karibu kila kitu ndani yake kilifanywa hivyo kwa sababu ya fedha. Vitufe vyake vilikuwa kipande kimoja cha mpira, maana vitufe vingi vya mbali mbali vingalipandisha bei. Hakikuwa na kioo chake, bali kiliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Wala hakikuwa na ghala ya kuwekea kazi; kazi ilihifadhiwa katika kanda ya kaseti. Nasi kanda tulikuwa nazo! Kanda za namna ile ile zilizobeba nyimbo za kwaya zetu ndizo zilizobeba programu za watoto wa Uingereza. Mtu akizipiga katika redio husikia mlio wa kukwaruza masikio, lakini kompyuta huufahamu.

Lakini tusiusingizie mpaka peke yake. Hata kama njia ingalikuwa wazi, Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mwaka 1974 kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, isipokuwa kwa kibali. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye matumizi ya mitambo hiyo katika hesabu za Serikali hayakuridhisha. Tena miaka ya 1973 na 1974 ilikuwa ya ukame, nafaka ikanunuliwa nje, na mafuta yalikuwa yamepanda bei ghafula. Wako vijana wawachekao viongozi wa siku zile. Sisi hatuwacheki. Nchi isiyo na fedha za kigeni, iliyotangaza Azimio lake katika mji huu huu mwaka 1967, ilichagua mahindi kabla ya mitambo, na sisi tungalichagua hivyo hivyo. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973. Bara vituo vilianza mwaka 1994.

Hata hivyo hasara ilikuwapo, nayo haikuwa hasara ya chombo. Zile kompyuta za kale zilipowashwa hazikuonyesha picha wala mchezo. Zilimngojea mtu azifundishe. Mtoto alinakili mistari ya lugha iitwayo BASIC kutoka katika kitabu, akikosea alama moja tu kazi yote ikakataa, naye akarudi mstari kwa mstari hata akalipata kosa. Walimu wenzetu wataelewa thamani ya jambo hilo. Ndiyo maana watu wa Uingereza waliokwisha kuota mvi huvihifadhi visanduku hivyo, kama mzee wa Kimeru aihifadhivyo fimbo ya babu yake, na wengine huvipeleka katika nyumba za makumbusho. Sisi hatuwezi kuvililia, maana hatukuwa navyo.

Jambo la ajabu ni kwamba uzao wa kompyuta zile uko mifukoni mwetu. Kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge ilifanya BBC Micro mwaka 1981, ikaenea katika shule za Uingereza. Baadaye watumishi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni chipu mpya iitwayo ARM, na ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985. Ilitumia umeme mchache mno, hata siku moja ilionekana ikienda ingawa waya wake wa umeme haukuunganishwa. Ilijilisha kwa umeme uliovuja kutoka vipande vya jirani. Chombo cha namna hiyo ndicho kifaacho kwa betri ndogo. Leo karibu simu zote zina chipu za ukoo huo, hata zile zitumiwazo na wauza ndizi wa Tengeru kupokea fedha.

Juzi tulipeleka simu yetu kwa fundi kijana, karibu na soko la Kilombero. Akaifungua kwa bisibisi nyembamba, tukamwuliza chipu i wapi, akatuonyesha kipande cheusi kidogo kuliko ukucha. Tukamsimulia habari hizi zote, za vitufe vya mpira na za kanda. Alisikiliza bila kuinua macho. Alipokwisha kufunga simu alituuliza kama visanduku vile vya kale vyaweza kupatikana Nairobi, maana angependa kukifungua kimoja.