Bati la Walikale na Weupe wa Sahani za Kifaransa

Weupe wa fayansi, yaani vyombo vya kale vya udongo vya Kifaransa, hautokani na udongo wenyewe, ambao ukichomwa huwa wa manjano au mwekundu kama wa chungu chochote. Unatokana na utando wa kioo uliotiwa oksidi ya bati. Ufundi huo ulianzia Basra katika karne ya 9, ukapitia Hispania na Italia (jina lenyewe latokana na mji wa Faenza), ukafika Nevers mwishoni mwa karne ya 16. Louis XIV alipoagiza mwaka 1709 vyombo vya fedha viyeyushwe kugharimia vita, makabaila waliigeukia fayansi.

Oksidi hiyo ndiyo kasiteriti inayochimbwa Walikale na Masisi. Hata hivyo, wafinyanzi wa huko hawakung'arisha vyungu vyao. Kuliona jambo hilo kuwa upungufu ni kupima chungu kwa kipimo cha sahani. Chungu cha mafigani hudaiwa kustahimili moto. Sahani ya fayansi ikibandikwa hapo hupasuka.

Historia ya bati lenyewe ni chungu zaidi. Huko Bisie, Walikale, uchimbaji wa mikono ulianza yapata mwaka 2002, na wenye silaha waligombania kodi zake. Mgodi wa kisasa ulianza kuzalisha mwaka 2019. Machi 2025 kazi ilisimamishwa waasi wa M23 walipoukaribia, ikarejeshwa Aprili. Siku hizi bati hutumika zaidi kulehemu vifaa vya elektroniki.